Mpiga gitaa la solo kwenye wimbo wa injili: ajibu au anyamaze?

Besi Mnene: Wadau tujadili hili bila matusi. Ubeti wa pili, ule wa taratibu, watu wamefumba macho, mara solo huyoo kamwaga noti mpaka mwimbaji kasahau maneno. Mimi nasema asubiri mwimbaji avute pumzi ndio aingie. Na wengi wao ukiwanyang'anya kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, shepu ya F hawaiwezi.

Waya Mwembamba: Mpiga solo gani anategemea kapo?? Hiyo ni ya ridhimu, gitaa la kusindikiza, uliza kwanza ndugu yangu.

Fireti ya Tatu: Mimi ni ridhimu na naitumia, shida iko wapi? Mwimbaji wetu leo ufunguo wa G kesho B flati kutegemea na mafua yake, naibana fireti ya tatu napiga shepu zilezile za G, wewe wa besi nyuzi nne unanicheka mimi?

Mzee wa Tenzi: Mnabishania kapo wakati gitaa lenyewe la umeme limetoka baa.

Waya Mwembamba: Baa tena! Sister Rosetta Tharpe, yule mwimbaji wa injili wa Marekani, alilichana gitaa akimsifu Mungu kabla hao wa rock hawajajulikana, kama sikosei miaka ya hamsini.

Noti Tatu: Unakosea, santuri zake za kwanza ni 1938.

Mzee wa Tenzi: Na mwaka huohuo alikuwa anapiga Cotton Club, klabu ya usiku kule New York, walokole wenzake wakamnunia. Hilo mbona mnaliruka?

Waya Mwembamba: Kwa hiyo hakuokoka? Wewe ndio unashika daftari la uzima?

Mzee wa Tenzi: Kijana, chunga ulimi.

Noti Tatu: Msikilizeni Pops Staples jamani, yule mpiga gitaa wa kundi la injili la Staple Singers, noti tatu nne hivi na ule mtetemo wa tremolo, bintiye Mavis akimaliza mstari ndio gitaa linajibu, akirudi linampisha. Zaburi 33:3 inasema pigeni kwa ustadi, na kunyamaza nako ni ustadi.

Besi Mnene: Si ndio nilichosema mwanzo!!

Fireti ya Tatu: Hapana, wewe ulisema kapo.

Mama Alto: Nimesoma kuanzia juu kimya kimya. Mafua yangu yamewakosea nini? Jumapili naimba B flati, na wewe Fireti uje bila hicho kibano chako tuone.