Nimeletewa barua ya wakili kwa mfuko wa spika, nifanyeje?

FundiKongowea: Wakuu, nashona mifuko ya kubebea spika mgongoni. Wateja wangu ni wachuuzi wanaotangaza bidhaa mitaani hapa Mombasa. Barua imekuja: niache mara moja, mfuko una hataza ya mtu, yaani haki ya kisheria ya aliyeubuni. Nina oda mkononi. Niendelee?

Mama Zuhura: Pole mwanangu. Mie cherehani yangu ilibebwa na mwenye nyumba kwa kodi ya mwezi mmoja. Wanyonge tuna tabu.

Kalamu: Barua imetaja nambari ya hataza? Aliyeomba tu bado hana hataza. Iulizie KIPI, ofisi ya serikali ya kusajili hataza, Nairobi. Na kama mfuko ulishauzwa hadharani zaidi ya miezi 12 kabla hajaomba, si kitu kipya tena. Huyo mtu unamjua?

Bahari: Usitishike. Andreas Pavel alibuni Stereobelt, kicheza kaseti cha kuvaa mwilini, akaomba hataza Italia 1977. Walkman ya Sony, kifaa cha aina hiyo hiyo, ikatoka 1979, akaishtaki Sony. Uingereza alishindwa mahakamani 1993, na rufaa 1996: hataza yake ilionekana ni jambo la dhahiri. Yeye na Sony walipatana nje ya mahakama 2003. Kuwa na karatasi si kushinda.

Kalamu: Fundi, nimeuliza: unamjua?

FundiKongowea: Namjua. Nilikuwa nashona kwake. Lakini wake ulikuwa na kamba mbili za begani, basi. Mkanda wa kiunoni na wavu wa kupitisha sauti ni wangu, niliujaribu nyumbani usiku. Turubai nimeshakata, malipo ya awali nimeshapokea. Siwezi kurudi nyuma.

Kalamu: Hapo ndipo penyewe. Ulichobuni katika kazi uliyoajiriwa ni cha mwajiri, ila mkataba useme vingine. Mliandikiana?

FundiKongowea: Mdomo tu. Na wateja walinifuata wenyewe.

Mzee wa Baraza: Aliyekushikisha mkasi ni mwalimu wako. Chukua wazee wawili, nendeni kwake kabla ya wakili.

Shaka: Hii chai. Mtu anapata barua ya wakili halafu anakimbilia huku? Weka picha ya barua.

FundiKongowea: Ina majina ya watu, siiweki. Mfuko huu hapa. Tazama kitako: mshono mara mbili, ngozi ndani, maana spika nzito ilikuwa inachana turubai tupu.

Shaka: Picha ya mfuko hata mimi ninayo.

Kalamu: Fundi, achana naye. Picha za kwanza za ule wavu ulipiga lini, ukiwa bado kwake au ulishatoka?