Takwimu za Biashara: tunalipa ada tufundishwe kusoma jedwali. Leo povu ruksa

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba msiuunganishe huu na ule uzi wa vyuo kwa ujumla, mimi nina jambo moja tu. Ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto.

Nipo mwaka wa pili, shahada ya biashara, chuo kimoja hapa Dar ambacho sitakitaja kwa sababu bado nakihitaji. Nimepata 38 kwenye Takwimu. Kufaulu ni 40. Kwa hiyo nina sapu (mtihani wa marudio), wenzangu wamepanda mabasi kwenda makwao, mimi nipo geto nalipa kodi ya chumba kwa ajili ya alama mbili. Ningekuwa nilizembea ningenyamaza. Sikuzembea. Nimepiga msuli mpaka mwenye nyumba akanisema kwa ajili ya umeme.

Sasa sikilizeni hizo alama zilivyokwenda.

Muhula mzima tumetumia jedwali la Z, yaani la maeneo chini ya ule mchoro wa kengele (Z ni umbali kutoka kwenye wastani ukigawa kwa mchepuko sanifu), lile linaloanzia katikati ya kengele. Ukitafuta 1.25 unakuta 0.3944, maana yake ni eneo kutoka kwenye wastani hadi pale ulipo. Ukitaka eneo lote la kushoto unaongeza 0.5. Tukaimbishwa kama ngonjera: ongeza nusu, ongeza nusu. Hakuna siku mtu alitamka kwamba kuna jedwali la pili, linaloanzia mkiani kabisa, mwisho wa kushoto wa kengele, ambalo hiyo nusu imeshatiwa ndani. Siku ya mtihani tukagawiwa karatasi ya jedwali, kopi ya kopi, tarakimu zimefifia kama risiti ya EFD iliyokaa mwezi mfukoni. Juu yake hakuna mchoro wala neno la maelezo.

Swali: kiwanda kinafungasha unga, wastani wa mfuko ni kilo 25, mchepuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) kilo 0.4, tafuta uwezekano wa mfuko kuwa chini ya kilo 25.5. Nikatoa, nikagawa, Z ikaja 1.25 safi kabisa. Nikashuka kwenye jedwali, nikasoma 0.8944. Nikaongeza nusu kama nilivyofundishwa. Nikaandika uwezekano ni 1.3944, nikapiga mistari miwili chini yake, nikahamia swali la tatu roho ikiwa imetulia.

Moja nukta tatu tisa! Yaani katika kila mifuko 100, mifuko 139 iko chini ya kilo 25.5. Hiyo mingine 39 imetoka kwa mganga?

Tulipotoka tukasimama watu tisa chini ya mwembe kulinganisha majibu. Sita walikuwa na 1.3944 yangu. Mmoja alikuwa nayo na akawa anawacheka wale wasiokuwa nayo. Mtu na D mbili zake za kidato cha sita, amefika chuo kikuu, anaandika uwezekano unaozidi moja na hashtuki. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Hatukushtuka kwa sababu kwetu ile haikuwa mifuko ya unga. Ilikuwa ni namba ya kutoa kwenye karatasi moja na kuhamishia kwenye karatasi nyingine.

Tukamfuata mhadhiri ofisini, watu wanne, kwa adabu zote. Shikamoo, marahaba. Jibu: "Mtu wa chuo kikuu anatakiwa aangalie jedwali kabla ya kulitumia." Sawa, nakubali, nilitakiwa. Lakini wewe mzee wangu ulikaa na sisi wiki 15, ulishindwa kutuonyesha kwa dakika tano?

Halafu hayo masomo yenyewe. Ukumbi wa watu mia sita na kitu, maiki inakatika, waliokaa nyuma wanaangalia mechi kwenye simu. Slaidi ni za kitabu cha Marekani, zimefutwa jina la mwandishi ila zimesahauliwa inchi. Urefu wa wanafunzi kwa inchi, uzito kwa paundi, bei za nyumba za Ohio, wastani wa wachezaji wa besiboli. Sina ugomvi na Ohio. Ila uliza watu mia sita hapo ni nani anajua namba nzuri ya mpiga besiboli ni ipi, ili akiona mfano ajue jibu limekaa vizuri au limeharibika.

Uwezekano nao tumefundishwa kwa karata. Kila mfano karata. Kuna jamaa yangu baba yake ni ustadhi, kwao karata haijawahi kuvuka mlango. Akanyoosha mkono akauliza karata zipo ngapi jumla na nyekundu ni zipi. Ukumbi mzima ukacheka, na aliyeshika chaki akacheka zaidi. Kwani kosa lake nini? Mimi niliyekulia Tanga nikiwaona wazee barazani najua kopa na uru ni nyekundu, shupaza na pau ni nyeusi. Yeye hajui, na hakuja chuo kusomea kamari. Jamaa hakuuliza tena swali lolote mpaka muhula ukaisha. Naye ana sapu.

Ngoja niwaambie nilielewa wapi hii kozi, maana niliielewa baada ya kufeli, na hilo ndilo linaniuma.

Mama yangu anauza wali karibu na stendi. Nilipompigia kumwambia matokeo hakunisema, akaniuliza tu, "Sasa hiyo takwimu mwanangu, inahusu nini?" Nikakosa la kumjibu. Mama wa watu anauza sahani kila siku, anajua bei ya mchele ya wiki iliyopita na ya juzi, na mimi mwanafunzi wa biashara nashindwa kumweleza takwimu inamsaidia nini. Nikamwomba anitajie sahani alizouza wiki ile, Jumatatu hadi Jumamosi. Akazitaja bila daftari: 40, 42, 38, 41, 39, na Jumamosi 100 kwa sababu kulikuwa na mnada.

Piga wastani: jumla 300, gawa kwa sita, 50. Sasa angalia. Hakuna siku hata moja aliyouza 50. Akipika sahani 50 kila siku, siku tano atabakiwa na kama sahani kumi, na Jumamosi atafukuza wateja 50. Namba ya katikati ukizipanga ni 40.5, na hiyo ndiyo inayofanana na siku yake ya kawaida. Nikamweleza. Akasema, "Hilo mbona nalijua, Jumamosi ni ya peke yake." Wakuu, mama hajasoma kozi, ila hilo analijua. Mimi nina kitini cha kurasa 112 nilichokitolea kopi kwa shilingi 100 kila ukurasa, na sikuwahi kuliona. Kitini kinasema "wastani huathiriwa na thamani za mbali." Nilikariri sentensi hiyo kama ilivyo. Nikaiandika kwenye testi nikapewa alama mbili. Sikujua inazungumzia wali.

Nikaendelea. Mchepuko. Toa 50 kwa kila siku: unapata kasoro 10, kasoro 8, kasoro 12, kasoro 9, kasoro 11, na Jumamosi juu 50. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, inakuja 3,010. Ukigawa kwa 6 na kutafuta kipeuo cha pili unapata 22.4. Ukigawa kwa 5 unapata 24.5. Sasa hapa ndipo penye vita vya miaka yote: tugawe kwa sita au kwa tano? Slaidi za wiki ya tatu zinagawa kwa n, yaani idadi ya namba zote. Za wiki ya tisa zinagawa kwa n kutoa moja. Tulipouliza kwa nini, tukajibiwa "ile ni fomula ya sampuli." Kwa nini ya sampuli iwe tofauti? "Ndivyo ilivyo."

Sivyo ilivyo. Jumlisha zile kasoro tano za mwanzo: zinafika kasoro 50. Jumamosi lazima iwe juu 50, haina ujanja, kwa sababu tofauti zote kutoka kwenye wastani zikijumlishwa lazima zitoke sifuri. Ukishajua tano, ya sita imeshajulikana. Kwa hiyo una siku sita za mauzo lakini taarifa huru tano tu, na ukigawa kwa sita utaona mauzo ya mama yametulia kuliko yalivyo kweli. Wiki moja ni sampuli ya wiki zake zote. Kama ungekuwa unazo wiki zote alizowahi kupika, gawa kwa idadi nzima na ulale. Hayo tu! Mistari michache! Aliyenieleza ni kaka mmoja wa mwaka wa tatu anayepiga pindi za sapu chini ya mti kwa elfu tatu kichwa. Huyo ndiye pia anayelazimisha kila mtu achore kengele kwanza na kupaka kivuli kabla ya kugusa jedwali. Ukichora, 1.3944 haiwezi kutoka kwenye kalamu yako, maana kengele nzima ni moja.

Elfu tatu ya mti imenifundisha kuliko ada ya muhula.

Mifano ya nyumbani ipo mpaka inamwagika. Slaidi ya wastani wa kijiometri (wa vitu vinavyokua kwa kuzidishwa) ilikuwa na bakteria kwenye kisahani. Bakteria, kwa watu wa biashara. Chukua sensa zetu: 2012 tulihesabiwa 44,928,923, na 2022 tukawa 61,741,120. Ongezeko ni kama asilimia 37.4. Asiyejua atagawa kwa miaka kumi aseme asilimia 3.7 kwa mwaka. Jibu sahihi ni kama 3.2, kwa sababu kila mwaka unaongezeka juu ya ulioongezeka, sawasawa na riba ya mkopo. Mtu akielewa hapo, hata mkopeshaji wa mtandaoni akimtajia riba ya wiki anajua anachinjwa kiasi gani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mfumuko wa bei kila mwezi, bure kabisa, na hatukuufungua hata mara moja.

Na mimi leo nitajichoma mwenyewe. Kazi ya kikundi, watu 15, tukaambiwa tukusanye dodoso 100 za wateja wa huduma za fedha kwa simu. Tulizijaza hosteli usiku mmoja. Kalamu za rangi tofauti, mwandiko wa kushoto, nyingine tukazimwagia chai zionekane zimetoka sokoni. Tukaingiza kwenye SPSS ya kuchakachua (programu ya takwimu), ikatoa thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu kama hakuna uhusiano, ".000" nzuri sana, tukaandika "uhusiano ni wa maana kubwa." Tumepata 17 kati ya 20. Ndiyo, tulipika data, aibu ni yetu. Lakini aliyesahihisha hakuuliza hata tulienda soko gani. Ile ".000" hakuna aliyetueleza kwamba si sifuri, ni programu imeishia kwenye desimali tatu. Na ile 0.05 tunayoiabudu, kwamba p ikiwa chini yake matokeo ni ya maana, ni mwanatakwimu Fisher aliyeandika mwaka 1925 kwamba ni kipimo kinachofaa kwa matumizi. Sisi tulipewa kama amri ya kumi na moja.

Kinachochekesha kuliko vyote, lile jaribio la t linalotutoa jasho (la kupima wastani ukiwa na sampuli ndogo) lilizaliwa kazini kwenye biashara. Gosset alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, ana sampuli chache za malighafi mkononi na anatakiwa aamue jambo. Akachapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student" kwa sababu kampuni haikuruhusu wafanyakazi watumie majina yao. Mtu mwenye vipimo vichache na uamuzi wa kufanya, ndiye mama yangu huyo na siku zake sita. Ungetuanzia hapo mzee wetu, hata walioangalia mechi wangegeuka.

NYONGEZA: Naona michango imeanza. Mkuu uliyesema "hesabu hazikupendi", soma tena, Z niliipata sahihi, kilichonimaliza ni karatasi isiyo na maelezo. Uliyesema mhadhiri ana watu mia sita na mshahara haupandi, nakuelewa, na sijasema afukuzwe. Mchoro mmoja wa kengele juu ya jedwali haudai nyongeza ya mshahara. Dada wa uhasibu uliyesema kwenu mlipewa majedwali yote mawili na mkaulizwa tofauti yake kwenye testi ya kwanza, hongera, naomba uniambie chuo chenu PM.

NYONGEZA 2: Rufaa hatukati. Tumeambiwa ada ya rufaa hairudi hata ukishinda, nikapiga hesabu nikaona ni kilo za mchele wa Jumamosi nzima ya mama.

Sapu ni Jumanne saa tatu asubuhi. Mwenye karatasi za miaka ya nyuma, hasa zile zilizokuja na jedwali la kuanzia mkiani, aziweke hapa hapa kwenye uzi. Bando langu linaisha saa sita usiku.