Kwa nini ramani ya Mercator huikuza Greenland?

Swali (Mbeya): Ndugu walimu, wanafunzi wangu wanauliza kwa nini ramani ya ukutani inaionyesha Greenland ikilingana na Afrika, ilhali Afrika huizidi takribani mara 14.

Jibu (Iringa): Mwalimu, Gerardus Mercator, mzaliwa wa Rupelmonde, Flanders, aliichora mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia: alizidi kutanua nafasi kati ya latitudo kuelekea ncha za dunia ili pembe zibaki sahihi, hivyo nahodha anayefuata mwelekeo mmoja wa dira huichora njia yake kwa mstari ulionyooka. Kutanua huko ndiko kunakoikuza Greenland, iliyo karibu na ncha ya kaskazini.

Jibu (Njombe): Naongeza kwamba Mwingereza Edward Wright alichapisha ufafanuzi wa hesabu za ramani hiyo mwaka 1599. Darasani, tafadhali tumia ramani inayohifadhi ukubwa wa maeneo. Watoto wetu wanastahili kuiona Afrika ilivyo.