Bi Chan na Bwana Chow: walifanya au hawakufanya?

BintiNgamiani
Nisaidieni, sijalala. Jana nimeangalia In the Mood for Love, ile ya Wong Kar-wai ya mwaka 2000. Hong Kong, 1962. Wapangaji wawili, Bi Chan na Bwana Chow, vyumba jirani, kila mmoja na ndoa yake. Mke wa huyu na mume wa yule hatuonyeshwi sura, ni visogo na sauti tu. Basi siku wamekaa mgahawani, bwana anauliza mkoba wa bibi umenunuliwa wapi, bibi naye anauliza tai. Kumbe mke wa bwana ana mkoba kama ule, mume wa bibi ana tai kama ile! Hakuna ukelele, hakuna sahani iliyovunjika. Mume wangu alikuwa anasubiri ngumi, akaishia kukoroma.

Kinachonitesa: mwishoni bibi ana mtoto. Wa nani?

FundiKola
Mimi ni fundi cherehani, nilitazama magauni tu. Ngazi zile zile, ukumbi ule ule, ila gauni limebadilika, ujue hiyo ni siku nyingine. Kola imesimama mpaka kidevuni. Mshonee hivyo mteja wa Tanga na joto hili, kesho anakurudishia. Mtoto simjui.

MzeeWaRaskazone
Hawakufanya, binti. Wangefanyia wapi? Nyumba ile ni kama za mtaa wetu wa Ngamiani hapa Tanga, ukipita ukumbini mwenye nyumba anajua unatoka wapi. Usiku mmoja bibi alikwama chumbani kwa Chow mpaka kukacha, kisa wacheza mahjong, ule mchezo wa vigae wa Kichina, hawaondoki. Inasemekana mwongozaji alipiga hata picha ya kitandani, kisha akaikata. Mimi nahukumu kilichobaki. Na kilichobaki kikubwa ni yale mazoezi: bibi anajifunza kumuuliza mumewe kama ana mwanamke, Chow anajifanya ndiye mume, anajibu ndiyo. Bibi analia machozi ya kweli.

BintiNgamiani
Shikamoo mzee wangu. Hapo ndipo niliposimamisha simu.

Nilimkumbuka marehemu mama. Baba alirudi kutoka Mombasa na doti ya kanga. Wiki haijaisha, mama akamwona mwanamke wa nyumba ya tatu kajitanda kanga ya jina lile lile. Hakuuliza kitu. Alikwenda dukani akanunua "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", akajifunga nayo kufagia uwanja, asubuhi tatu mfululizo, baba yuko barazani na kikombe chake. Siku ya tatu chai ilipoa hajaigusa.

MzeeWaRaskazone
Marahaba. Bi Chan angekuwa na kanga, filamu ingekwisha dakika ya thelathini.

FundiKola
Hiyo kanga iko wapi sasa?

BintiNgamiani
Ninayo mimi. Imepauka, ila jina linasomeka. Mume wangu anajua ilipo.