Mjadala: Kodi ya mwananchi ijenge bustani ya burudani?

Wadau, tulijadili hili kwa kuitazama Futuroscope, ile bustani ya burudani ya sinema na mambo ya kesho iliyo karibu na Poitiers, Ufaransa. Wengi hudhani ni mradi wa tajiri fulani. Wapi! Aliyeibuni ni René Monory, mtu wa gereji aliyeingia siasa hadi akawa mwenyekiti wa baraza la mkoa wa Vienne, ulipo mji huo. Vienne ni nchi ya mashamba, na alitaka ijulikane kwa kingine zaidi ya mazao. Jiwe la msingi liliwekwa 1984, milango ikafunguliwa 1987, na hela ya kuanzia ilikuwa ya umma.

Michoro alipewa msanifu majengo Denis Laming. Tazameni jengo lake la Kinémax: utadhani mawe ya fuwele yamepasua ardhi yakachomoza mshazari, kila moja na upande wake, kuta ni vioo vinavyorudisha taswira ya mawingu. Cha kuchekesha, ndani ni ukumbi wa sinema, giza totoro! Vioo vyote vile havimmulikii mtu. Kazi yake ni kumfanya anayepita aulize, "Kile nini?" Mnaoita ubadhirifu, mimi naita bango la biashara.

Najua mtauliza serikali na sinema wapi na wapi, zahanati zikingoja. Ningewaunga mkono kama Monory angeishia kwenye sinema. Lakini ubavuni mwa bustani iliwekwa shule ya sekondari, kikafuata chuo cha uhandisi, na kampuni zikasogea. Mtoto alikuja kushangaa, akikua ana pa kusomea palepale.

Kinachonikera ni cha baadaye. Miaka ya tisini wageni walihesabika kwa mamilioni kwa mwaka. Mwaka 2000 bustani ikauzwa kwa kundi la Amaury, wenye magazeti na mashindano ya baiskeli. Wageni wakapungua, na haikupita miaka mitatu baraza likawa limeichukua tena. Mzigo ukarudi kwa mlipakodi yuleyule. Mwaka 2011 uendeshaji ukachukuliwa na Compagnie des Alpes, kampuni ya bustani za burudani na vituo vya kuteleza thelujini, baraza likibaki na hisa.

Kwa hiyo kujenga sina ugomvi nako. Naomba mnijibu hili: umma ukishajenga kitu kikasimama, uuze kwa masharti gani ili mnunuzi akishindwa asiturudishie deni? Tena anayesema "soko litaamua" atueleze kwanza hiyo miaka mitatu.