Wakuu naombeni ushauri: mpira umeniishia utamu, nifanyeje nifurahie tena?

Cherehani:
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni.

Nina jambo linanisumbua na huku mtaani sina wa kumwambia. Mpira ndiyo starehe yangu pekee, sinywi, sivuti. Lakini siku hizi nikikaa kutazama mechi dakika tisini zinapita nimeuma meno. Timu ikifunga nashusha pumzi tu, furaha haipo. Ikifungwa chakula hakipiti, mke wangu ameshajua aniache hadi kesho yake. Mechi ikiisha kichwa kinagonga, na ukiniuliza ilikuwaje siwezi kukwambia zaidi ya matokeo.

Nimehama kibanda umiza nikawa natazamia nyumbani, hali ni ileile. Nikajaribu kusikiliza redio, ndiyo kabisa, moyo unataka kutoka. Wenye uzoefu, mtu anatazamaje mpira hadi ukamnogea? Naomba ushauri wa kweli, matusi hapana.

Mzee wa Mkeka:
Mkuu, hiyo ni mikeka. Dalili zote hizo ninazo. Mimi nilifika mahali najua majina ya mabeki wa daraja la pili Uturuki na sijui mwanangu yuko darasa la ngapi. Juzi mechi kumi na mbili zimetiki, moja ikasawazishwa dakika za nyongeza. Niliamka nikatembea hadi Temeke Mwisho bila kujua naenda wapi. Acha kubeti kaka, utamu utarudi wenyewe.

Cherehani:
Asante ndugu yangu, pole sana. Ila mimi sibeti, sijawahi kubeti hata mechi moja.

Mama Nasra:
Nyie wanaume mna shida. Mwenzenu ana mke, chakula kimepikwa, hakili kwa sababu watu ishirini na wawili wamekimbizana kule! Baba yao Nasra alikuwa hivyohivyo, timu ikifungwa nyumba nzima tunanong'ona kama kuna msiba. Mwanangu, mrudie Mungu, huo muda kaa na familia yako.

Kiungo Mkabaji:
Mama Nasra umesema vizuri ila kauliza kitu kingine, ngoja nijaribu kumjibu.

Mkuu Cherehani, watu wengi tunautazama mpira kwa kuufuata mpira wenyewe. Macho yote kwa mwenye nao. Ukitazama hivyo unaona matukio tu, goli, kona, kadi, na katikati ya matukio unabaki na wasiwasi. Fanya hivi: chagua mchezaji mmoja, kiungo wa chini, yule anayecheza mbele ya mabeki, ni mzuri zaidi, umtazame yeye tu kwa muda hata kama mpira uko mbali naye. Utaona anavyogeuza shingo kabla pasi haijamfikia, anavyosogea hatua mbili kufunga njia ambayo mtangazaji haioni. Ukishamzoea, tazama timu inafanya nini sekunde zile za kwanza baada ya kupoteza mpira. Wanaukimbilia palepale au wanarudi nyuma kujipanga? Hapo ndipo mechi nyingi zinapoamuliwa.

La pili, nenda uwanjani na usikae chini karibu na nyasi. Pale Uwanja wa Mkapa panda mzunguko, juu kabisa. Ni siti za bei ndogo lakini ukiwa juu unaiona ile mistari mitatu ya timu, mabeki, viungo na washambuliaji, inavyopanda na kushuka pamoja, na unaona nafasi inafunguka kabla mpira haujafika. Kwenye runinga kamera inakukatia nusu ya uwanja.

La tatu, tazama mechi usiyo na timu. Ndondo za mtaani jioni, au ligi ya wanawake. Nenda siku JKT Queens wanacheza na Simba Queens, kaa tu utazame. Utashangaa mpira ulivyo mtamu bila presha.

Cherehani:
Mkuu umeandika kitu kikubwa. Nikwambie ukweli, hilo la mwisho nimeshalifanya na linafanya kazi. Nikitazama timu nyingine nafurahi mno, naona pasi, naona mpango, hata nikilala najirudishia. Tatizo ni kwa timu yangu tu.

Kiungo Mkabaji:
Timu gani hiyo?

Cherehani:
Tuseme timu kubwa ya Kariakoo.

Kishoka:
Kariakoo zipo mbili mkuu, Simba ya Msimbazi au Yanga ya Jangwani? Unazunguka sana kwa mtu aliyekuja kuomba msaada.

Kiungo Mkabaji:
Na hiyo "timu nyingine" inayokufurahisha ni ipi? Usitufiche, daktari anaambiwa yote.

Cherehani:
Sawa, nasema. Mimi ni Simba. Mzee wangu Simba, babu Simba tangu ikiitwa Sunderland. Na timu inayonifurahisha nikiitazama ni Yanga.

Ilianza enzi za kocha wao Nabi. Halafu ile tano moja waliyotufunga Novemba 2023 iliniuma, nisidanganye mtu, lakini usiku wake nilikaa peke yangu natazama marudio, jinsi Pacome, Aziz Ki na Maxi walivyokuwa wanapokezana nafasi pale mbele. Nikajikuta natabasamu. Tangu siku hiyo kila wakicheza natafuta pa kuwatazama.

Jezi yao ninayo. Iko kwenye droo ya cherehani chini ya vitenge vya wateja, kijana wangu wa kazi tu ndiye anajua. Na kitu kingine, mimi ni katibu wa tawi letu la Simba hapa mtaani. Barua ya kujiuzulu nimeshaiandika, bado sahihi.

Kishoka:
ASTAGHFIRULLAH.

Utopolo Halisi:
Karibu nyumbani Mwananchi! Geti liko wazi, mtaa wa Twiga na Jangwani, uliza mtu yeyote. Makolo, watu wa Simba, wanaanza kukimbia mmoja mmoja hahaha.

Lunyasi Damu:
Mwanaume hubadili kazi, hubadili nyumba, hubadili hata nchi. Timu HAIBADILISHWI. Wewe ulishaondoka siku uliyonunua hiyo jezi, hapa unatafuta wa kukubariki. Na katibu anashika siri za tawi! Toa barua leo, usisubiri kesho.

Cherehani:
Kaka, naomba unielewe. Machi 2019 nilikuwa Mkapa tulipowapiga AS Vita 2-1 tukaingia robo fainali Ligi ya Mabingwa. Nililia. Aliyesawazisha ni Mohamed Hussein, na dakika ya 90 Chama akamaliza kazi. Leo niambie, hao wawili walienda wapi? Chama alivaa kijani cha Yanga 2024. Mohamed Hussein, nahodha wetu, akamfuata 2025. Wao walipewa mkono wa kwaheri wakahamia upande wa pili. Mimi ninayelipa kiingilio kwa hela ya kushona suruali ndiyo niitwe msaliti?

Lunyasi Damu:
Wale ni kazi yao! Hata Niyonzima alikuja kwetu 2017 akitokea kwao, Morrison alikuja 2020 akarudi. Mchezaji anafuata mkate. Wewe unalipwa na nani?

Babu wa Taifa:
Vijana punguzeni sauti. Mimi nilikuwepo Uwanja wa Taifa mwaka 1993, fainali ya Kombe la CAF. Kule Abidjan sisi Simba tumetoka sare bila magoli na Stella, tukajua kombe ni letu, limebaki kubebwa tu. Watu wameingia toka asubuhi, jua linawaka, mtu na mkate wake na maji kwenye chupa ya soda. Tukafungwa 2-0 palepale nyumbani. Nakumbuka mzee mmoja jirani yangu hakunyanyuka, watu wanatoka yeye amekaa anatazama nyasi, tukamshika mikono mimi na mwenzangu ambaye ni Yanga kindakindaki. Yule Yanga hakucheka. Alimpeleka yule mzee hadi Buguruni.

Miaka kumi mbele tukamtoa Zamalek kwa penalti kulekule Cairo, bingwa mtetezi wa Afrika, na nilicheza barabarani kama mtoto. Ile furaha ya 2003 ilikuwa na 1993 ndani yake. Ukihama leo, mwanangu, kule unakokwenda utaona mpira mzuri lakini hutakuwa na miaka nyuma yako.

Cherehani:
Shikamoo babu. Maneno yako yamenigusa. Lakini fainali yetu ya Kombe la Shirikisho na Berkane Mei 2025, marudiano yakahamishiwa Amaan, Zanzibar, mimi katibu mzima sikuvuka bahari. Nilijisikia naumwa tu. Halafu fainali ya Yanga 2023 na USM Alger nilimwambia mke wangu napeleka suti za harusi Morogoro, kumbe niko mzunguko, nimevaa shati jeupe. Marudiano ya Algiers nikaenda kuitazamia Mbagala nisikojulikana.

Mpelelezi:
Simameni hapo hapo. Huu uzi ni wa kutunga.

Angalieni. Akaunti imefunguliwa mwezi huu. Kaanza na maumivu ya kichwa, akaja na jezi, akaja na ukatibu, kila tukimbana anatoa kipande kipya. Na kila kipande kinaisifia timu ileile. Huyu ni Yanga wa kuzaliwa, ametunga hadithi ya katibu wa Simba anayehama ili ipigwe picha isambazwe kwenye magrupu. Cherehani, kama Mbagala uliitazama kweli, Mayele, mshambuliaji wao, alifunga goli gani kule Algiers?

Cherehani:
Mayele hakufunga Algiers. Mayele alifunga hapa Mkapa, mechi ya kwanza, waliyofungwa 2-1. Algiers goli ni la Djuma Shabani kwa penalti, mapema kabisa. Yanga wakashinda 1-0, jumla 2-2, USM wakabeba kwa goli la ugenini.

Mpelelezi:
Mmeona? Katibu wa tawi la Simba anajua hadi penalti za Yanga! Nimemaliza.

Kishoka:
Mpelelezi, akijibu vibaya ni mwongo, akijibu vizuri ni mwongo. Hapo juu kataja mfungaji wa kusawazisha wa mechi ya Vita. Wana Simba wengi humu ukiwauliza mechi ile watakutajia Chama peke yake.

Utopolo Halisi:
Kwa kweli hata mimi nimeanza kuingiwa na shaka. Tawi lipi hilo?

Cherehani:
Tawi sitaji, mtanifukuzisha kabla sijaondoka. Ila nitawaambia kitu ambacho mtunzi hawezi kukiwaza. Kwenye daftari la michango nimeacha ukurasa mmoja wa marehemu. Wanachama waliofariki, tarehe, na nani alitoa nini kwenye msiba. Fundi redio wetu alipozikwa, tawi la Yanga la mtaa wa pili lilileta mchele na maturubai. Huo ukurasa ndio unaonifanya nishindwe kuweka sahihi kwenye barua. Timu ningeshaiacha. Wale watu ndio siwezi.

Lunyasi Damu:
Hapo nimekuamini.

Kiungo Mkabaji:
Sasa tunaongea. Mkuu, mimi naona unachanganya vitu viwili. Unaona tabu mechi za Simba kwa sababu ukiwa katibu ukifungwa unaulizwa, ukishinda unakusanya michango ya basi. Wewe huendi kutazama, unakwenda kazini. Achia ukatibu, ubaki mwanachama wa kawaida, halafu utazame msimu mzima bila cheo ndipo uamue hilo la jezi.

Cherehani:
Lakini kama moyo umeshahama? Mimi naona nikibaki nitakuwa mnafiki. Barua ninayo tayari, jezi ninayo.

Mama Nasra:
Mwanangu, na huyo mkeo uliyemdanganya suti za Morogoro, umeshamwambia?

Cherehani:
Bado mama.

Mama Nasra:
Basi anza hapo. Mambo ya jezi baadaye.

Babu wa Taifa:
Na baba yako asisikie kwenye kikao. Mfuate mwenyewe, ukakae naye. Atakasirika, mwache akasirike. Usijibizane naye, na hiyo jezi usiende nayo.

Mzee wa Mkeka:
Kwani wakuu, wiki hii derby ya Simba na Yanga ni jumapili? Naona wamempa Mnyama, Simba, odi kubwa.

Kishoka:
Mzee wa Mkeka toka humu.

Cherehani:
Nimewasoma wote. Kikao ni jumamosi, daftari na hela nakabidhi, hilo limekwisha. Mzee naenda kumwona ijumaa baada ya swala. Jezi sijaamua, na msinilazimishe. Kiungo, hiyo derby nitapanda juu kama ulivyosema. Nimtazame nani?

Kiungo Mkabaji:
Kipindi cha kwanza mtazame kiungo wa chini wa Simba. Cha pili wa Yanga. Vaa lile shati jeupe. Na usiingie na redio.

Babu wa Taifa:
Nitakuwa mzunguko upande wa Uhuru, nina kofia nyekundu ya zamani. Njoo na karanga.