Mati katika hatua ya 6: je, niache ufunguzi wa Caro-Kann?

BintiKete: Shikamooni wakubwa wa sataranji. Jumamosi iliyopita nilicheza mashindano ya blitzi, yaani sataranji ya kasi, ya wanawake, dakika 3 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua, nami nikiwa na kete nyeusi. Tulianza e4 c6, d4 d5, farasi c3 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao). Nikala e4, farasi wake akala, nikaleta wangu d7. Mwenzangu akaweka malkia e2, hatua niliyoiona ya ajabu kwa kuwa inamzibia askofu wake mwenyewe, nami bila kufikiri nikamtoa farasi wa pili f6. Farasi wake akatua d6, ikawa mati, yaani mfalme ameshambuliwa na hana pa kwenda: kila nilipotafuta pa kumkimbizia mfalme nilikuta kete zangu zimepaziba. Saa yangu bado ilisoma dakika 2 na sekunde 58. Je, ufunguzi huu haufai kwa blitzi?

MzeeNgome: Marahaba, binti yangu. Ufunguzi hauna kosa. Kilichocheza ni mkono, si jicho. Askari wa e7 angemla farasi yule, ila malkia wa e2 alikwisha kumfunga, kwani akiondoka mfalme anabaki wazi. Ungempeleka f6 farasi yule yule wa d7, malkia wako angeilinda d6. Ungesukuma e6, askofu angeilinda. Nahisi unafanya mazoezi mengi kwenye intaneti, ambako mtu huagiza hatua yake kabla mpinzani hajacheza.

BintiKete: Umenipata, mzee.

SaaMbili: Mimi ningeacha kabisa farasi d7. Cheza farasi f6 katika hatua ya 4. Akila, mle kwa askari wa e. Askari wako wawili watapangana safu ya f, sura isiyopendeza, lakini askofu anapata njia na mfalme anajificha mapema. Wala muda usikutishe, dada: hatua 60 zinakupa jumla ya dakika 5, na ni kwa muda huo huo Bibisara Assaubayeva wa Kazakhstan alitwaa ubingwa wa dunia wa blitzi wa wanawake huko Warsaw mwaka 2021, akiwa na miaka 17, kisha Almaty mwaka 2022.

BintiKete: Na asipokula, akamrudisha farasi g3?

SaaMbili: Sukuma h5. Askari huyo akifika h4, farasi itambidi ahame tena.